Diski ya Breki ya Baiskeli: Dalili za Kulika, Sababu Zake na Wakati wa Kuibadilisha

Malalamiko yanayofikishwa kwa mafundi kuhusu breki za diski hujirudia: breki inalia, mkono wa breki unazama hadi kwenye usukani, gurudumu linagusa mahali fulani kila linapozunguka, au breki imeacha kushika katikati ya mteremko. Karibu kila mara mwenye baiskeli hufika akiwa ameshaamua kwamba diski imekwisha, na mara nyingi sivyo ilivyo. Diski hulika polepole kuliko pedi, yaani vile vipande vinavyoibana pande zote mbili, na kwa kawaida huzimaliza jozi kadhaa za pedi kabla ya kufika mwisho wake. Kwa upande mwingine, diski iliyokwisha kweli huweza kunyamaza kimya na kung'aa vizuri, huku mwenyewe akiendelea kuitumia kwa miezi bila kushtuka. Kwa sababu hiyo, katika karibu kila dalili iliyoelezwa hapa chini hukumu ya mwisho juu ya diski inatokana na unene wake na nyufa zake, si sauti wala sura yake.

Maelezo haya yanahusu breki za waya, ambazo ndizo nyingi katika baiskeli za bei nafuu na katika mitumba, pamoja na breki za haidroliki zinazotumia mafuta. Pale zinapotofautiana nimesema.

Kabla ya kugusa chochote

Diski iliyotoka kufanya kazi mteremkoni huunguza ngozi papo hapo, kwa hiyo isubiri ipoe. Usiweke kidole karibu na diski gurudumu likiwa linazunguka, hata kama ni baiskeli iliyogeuzwa tu na unalizungusha kwa mkono, kwa kuwa matundu ya diski hukata kidole kama mkasi. Ukivua gurudumu la breki ya haidroliki, usibane mkono wa breki, maana pistoni zinazosukuma pedi zitasogea na kukutana, na kuzirudisha ni kazi. Mwisho, weka mbali grisi, mafuta ya cheni na dawa za kupuliza za kulainisha kutu. Tone moja la mafuta kwenye diski hunyonywa na pedi, na kuanzia hapo utatafuta ugonjwa ambao umeuleta wewe mwenyewe.

Kupima unene, kipimo ambacho kila dalili itakurudisha kwake

Anza kwa kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye diski yenyewe, kwa kawaida kwenye mikono inayounganisha ukanda wa nje na katikati ya gurudumu. Diski nyingi za Shimano huwa na unene wa milimita 1.8 zikiwa mpya, na huandikwa «MIN.TH=1.5», maana yake ikishuka chini ya milimita 1.5 haifai tena. Diski za SRAM za aina ya CenterLine huanza na milimita 1.85 na mwisho wake ni 1.55, ilhali zile za HS2 huanza na 2.0 na kuishia 1.7. Diski za Magura huanza pia na 2.0, lakini kampuni hiyo inataka zibadilishwe zikifika 1.8. Utaona kwamba kiasi kinachoruhusiwa kulika, kwa pande zote mbili zikijumlishwa, ni sehemu tatu za kumi za milimita, na kwa Magura ni mbili tu. Jicho haliwezi kukisia kiasi hicho, na rula haiwezi kukisoma.

Kifaa kinachofaa ni maikromita, au venia (kipimo cha taya mbili) ya chuma inayosoma sehemu za mia za milimita. Venia za plastiki zinazouzwa pamoja na vifaa vya shule hukosea kwa kiasi kinachokaribia uhai wote wa diski, hivyo ziache. Zifunge kwanza taya za kifaa chako na uhakikishe kinasoma sifuri, kisha futa diski kwa kitambaa kisicho na mafuta.

Hapa ndipo wengi hupotoshwa na kipimo. Pedi mara nyingi hazifiki mpaka kwenye ukingo kabisa wa diski, kwa hiyo ukanda zinaoubana hulika na kubonyea huku ukingo wa nje ukibaki na unene wake wa awali. Ukipitisha ukucha kutoka katikati kuelekea nje, utausikia ukingo huo ukikwaza ukucha kama ngazi ndogo. Taya bapa za venia zikiwekwa juu ya diski ya namna hiyo hukaa juu ya kingo, na kipimo unachosoma ni cha ukingo usiolika. Tumia ncha nyembamba za taya, uziingize ndani ya ukanda uliolika. Kama ncha za venia yako ni pana, chukua vipande viwili vifupi vya spoki iliyonyooka, vipime kwa pamoja (spoki ya kawaida ni milimita 2.0, kwa hiyo viwili vitasoma karibu 4.0), kisha viweke kimoja kila upande wa diski ndani ya ukanda, sambamba na ukingo, na upime vyote kwa pamoja. Ukisoma 5.52 na spoki zilikuwa 4.00, diski yako ina milimita 1.52, na iko mlangoni kutoka.

Pima mahali pasiopungua sita kuzunguka diski, katikati ya matundu, na uchukue kipimo kidogo kuliko vyote. Wastani hautakusaidia, kwa kuwa diski hukatika mahali ilipo nyembamba.

Je, diski isiyo na maandishi yoyote, kama zilivyo nyingi zinazokuja na baiskeli za bei ya chini? Kama imekatwa kutoka bamba moja la chuma, mikono yake, ambayo pedi hazijawahi kuigusa, ingali na unene wa kiwandani. Pima mkono, pima ukanda, toa. Tofauti ikifika 0.3 ibadilishe, na kama hujui asili yake kabisa, mimi naibadilisha ikifika 0.25. Njia hii haifai kwa diski za vipande viwili zenye mikono ya alumini, kwa sababu mikono hiyo ina unene wake tofauti.

Dalili ya kwanza: mkono wa breki unazama hadi karibu na usukani

Kwa breki za waya, sababu inayoongoza ni kulika kwa pedi, ikifuatiwa na waya uliolegea au ala yake iliyojaa kutu na vumbi. Angalia pedi kwanza. Zitoe, usizichungulie tu, kwa kuwa pedi moja huweza kuisha huku mwenzake ikiwa nusu. Shimano inataka pedi zibadilishwe sehemu inayosuguana ikibaki milimita 0.5, SRAM inapima pedi pamoja na bamba lake la nyuma na kuikataa ikiwa na jumla ya chini ya milimita 3. Kama pedi ni nzima, kaza waya kwa kirekebishi kilicho kwenye kalipa (kifaa kinachoshika pedi na kuibana diski) au kwenye mkono wa breki.

Breki nyingi za waya husogeza pedi moja tu, ya nje, nayo huisukuma diski mpaka ijikunje na kuigusa pedi ya ndani iliyosimama. Pedi ya ndani inapolika bila kusogezwa, diski hulazimika kujikunja zaidi kila unapofunga breki, na baada ya muda huanza kugusa mwili wa kalipa na kupinda. Isogeze pedi ya ndani kwa kitasa au tundu la spana ya pembe lililo nyuma ya kalipa, mpaka ibaki nafasi ndogo kama unene wa kadi ya simu, halafu ndipo urekebishe waya. Jambo hili dogo likisahauliwa, watu hununua diski mpya na kuipinda vilevile.

Kwa breki za haidroliki hali ni tofauti, kwa kuwa pistoni hujisogeza zenyewe kadiri pedi zinavyolika. Mkono ukizama na kuwa laini, shuku kwamba mfumo umeingia upepo. Ukizama zaidi kadiri unavyoendelea kuubana, au ukiona unyevunyevu penye maungio, kuna mvujo.

Diski nyembamba ni ya mwisho katika orodha hii, na hesabu inaonyesha kwa nini. Pedi mpya ina takriban milimita 2 za kusuguana, na ikilika hadi 0.5 pistoni yake imesogea milimita 1.5. Diski iliyolika kabisa inaongeza safari hiyo kwa 0.15 tu kila upande. Peke yake haiwezi kuuzamisha mkono wa breki. Hatari ipo pale mambo mawili yanapokutana, yaani pedi zilizokwisha kabisa juu ya diski iliyokwisha, kwani pistoni inaweza kutoka kupita mpira wake wa kuzuia mafuta, na breki ikafa yote kwa mkupuo mmoja.

Simama hapa na umpelekee fundi anayezijua breki za haidroliki ikiwa kuna mvujo wowote, au ikiwa hujui mfumo wako unatumia mafuta gani. Shimano, Magura na Tektro hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia mafuta ya DOT, ya jamii moja na yale ya breki za magari. Ukimimina moja mahali pa jingine, mipira ya ndani huharibika, na kinachofuata ni kununua breki nzima.

Dalili ya pili: sauti ya chuma kusaga chuma

Hii haina mjadala mrefu. Pedi imekwisha na bamba lake la nyuma linakwangua diski. Acha kuendesha wakati huohuo, kwa sababu bamba hilo huweza kumaliza katika mteremko mmoja kile ambacho pedi zingekila kwa mwaka. Badilisha pedi, kisha pima diski hata kama ilikuwa mpya juzi, na uangalie pande zote mbili, maana upande mmoja huweza kuwa mzima kabisa.

Mara chache sauti hiyo hutokana na kijiwe kilichonaswa kati ya pedi na diski, au chemchemi ya pedi iliyopinda na kugusa diski. Vyote viwili huonekana mara tu unapovua gurudumu na kumulika tochi ndani ya kalipa.

Dalili ya tatu: mlio mkali bila kusaga

Uchafu wa mafuta ndio sababu ya kawaida, kisha pedi zilizong'aa kwa joto, kisha kalipa iliyolegea au kukaa upande. Safisha diski kwa spiriti safi na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kitoke bila weusi wa mafuta. Pedi zilizong'aa zisugue kwa msasa juu ya kitu bapa. Pedi zilizonywa mafuta zitupe. Zipo mbinu nyingi za kuzichoma na kuzichemsha zinazosimuliwa na watu, na sijaona ya kutegemewa. Mlio peke yake si sababu ya kubadilisha diski.

Dalili ya nne: diski inagusa mara moja kila mzunguko

Tofautisha kwanza. Kama mguso hauachi, tatizo ni kalipa iliyokaa upande au pistoni iliyokwama. Kama unasikia «shii» mara moja kwa kila mzunguko, basi kuna kitu kinachoyumba.

Kinachoongoza ni gurudumu kutokaa sawasawa kwenye foki, hasa baada ya kuzibwa pancha. Legeza ekseli, simamisha baiskeli kwa magurudumu yake mawili chini, ibonyeze kwa uzito wako, kisha kaza tena. Nusu ya kesi huishia hapo. Kinachofuata ni diski iliyopinda kwa kugongwa au kulaliwa: baiskeli iliyolazwa kwenye buti la basi, upande wa diski ukiwa juu na begi la abiria mwingine likiwa juu yake, hufika mwisho wa safari na diski ya mawimbi. Beringi za ekseli zilizolegea hutoa dalili inayofanana. Shika gurudumu kwa juu na ulitikise kushoto na kulia, ukisikia mchezo anzia huko.

Diski iliyopinda kidogo hunyooshwa. Weka karatasi nyeupe nyuma ya kalipa ili uone mwanya wa mwanga kati ya diski na pedi, zungusha gurudumu taratibu, na uweke alama ya kalamu kwenye mkono wa diski ulio karibu na mahali panapogusa. Kwa spana malaya ndogo iliyosafishwa mafuta na kukazwa mpaka ishike bila kuchezacheza, vuta kidogo sana kuelekea upande wa pili, kisha zungusha uangalie. Anayevuta kwa nguvu hugeuza pindo moja kuwa mawili.

Ipime unene kabla ya kuinyoosha. Diski iliyokaribia mwisho hunyooka leo na kupinda tena kwenye joto la mteremko unaofuata, na muda utakaoutumia kuihangaikia una thamani kuliko diski mpya. Vilevile, pindo lenye kona kali, linaloonekana kama karatasi iliyokunjwa, halinyooshwi.

Dalili ya tano: breki inadunda mkononi

Unafunga breki na mkono wake unasukuma vidole kwa mapigo yanayofuata mwendo wa gurudumu. Anza na kilicho rahisi na cha hatari zaidi: bolti za diski zilizolegea. Diski za bolti 6 hufungwa kwa ufunguo wa nyota wa T25. Zijaribu moja moja. Kama diski yako ni ya Centerlock, yenye meno ya katikati na mfuniko wa kukaza, jaribu kuitikisa kwa mkono. Ikicheza, mfuniko haujakazwa inavyotakiwa. Halafu bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma ukiwa umeweka kidole penye beringi za usukani, kwa maana zikilegea hutoa mdundo unaofanana sana.

Vyote vikiwa salama, kinachobaki ni unene usiolingana. Vile vipimo sita ulivyochukua sasa vinafaa: vikitofautiana kwa zaidi ya 0.05, mimi huihukumu diski hiyo hata kama kipimo chake kidogo bado kiko juu ya kiwango. Fundi wa magari anaweza kukushauri uipeleke ikachongwe kwenye mashine, kama zinavyofanyiwa diski za magari. Usikubali. Diski ya gari ina milimita za kutosha za kuchonga. Yako ina sehemu tatu za kumi za milimita, na mashine ikipita mara moja imezimaliza.

Dalili ya sita: breki inashika mwanzoni, kisha inapotea mteremkoni, diski imegeuka rangi

Barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo hushuka takriban mita 1,000 katika kilomita zipatazo 33. Mwendeshaji na baiskeli yake wenye jumla ya kilo 95 wanaposhuka kimo hicho, nishati inayopaswa kwenda mahali fulani ni karibu kilojuli 930, kiasi kinachotosha kuchemsha lita mbili na nusu za maji ya bomba na kubaki. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na matairi. Iliyobaki huingia kwenye vipande viwili vya chuma vyenye gramu mia na kitu kila kimoja. Hapo unene wa diski unakuwa akiba yake ya kubebea joto, kwa kuwa chuma kilichopungua hupanda joto haraka zaidi kwa kazi ileile.

Sababu kubwa, hata hivyo, ni namna ya kufunga breki. Anayeshikilia breki kidogokidogo njia nzima hairuhusu diski ipoe hata mara moja. Funga kwa nguvu kabla ya kona, achia kabisa, kisha funga tena, ukigawa kazi kati ya mbele na nyuma. Baada ya hapo chunguza mkono wa breki wakati tatizo linatokea. Ukibaki mgumu lakini baiskeli haipungui mwendo, pedi zimezidiwa na joto. Ukiwa laini na kuzama, mafuta ndani ya kalipa yamechemka, na inabidi yabadilishwe. Mwenye mzigo mzito au baiskeli ya umeme mwenye diski ya milimita 160 mbele anaweza kuhitaji ya 180, ila kiwanda cha foki huweka kipimo cha mwisho kinachoruhusiwa, na kukipita ni kuhatarisha foki yenyewe.

Rangi ya dhahabu au bluu kwenye mikono ya diski inaonyesha tu kwamba iliwahi kupata joto kali. Ikiwa imenyooka, haina ufa na unene wake unatosha, endelea nayo. Bluu iliyotanda mpaka kwenye ukanda pamoja na mawimbi ni habari nyingine, nayo haifai.

Kuna aina moja inayotaka umakini wa pekee. Baadhi ya diski za Shimano za Ice Technologies zina tabaka la alumini katikati ya tabaka mbili za chuma kisichoshika kutu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, chini sana ya chuma. Tabaka za chuma zikilika kupita kiwango, kinachofuata ndani ni metali laini isiyokusudiwa kuguswa na pedi. Kwa diski hizi usijadiliane na 1.5. Ukiona rangi ya metali tofauti ikijitokeza kwenye ukanda, usiipande baiskeli hata kurudi nyumbani.

Na usimwagie maji diski iliyopata moto ili ipoe upesi. Simama kivulini, subiri.

Dalili ya saba: mikwaruzo, mifereji na kutu

Mistari myembamba ya duara ni hali ya kawaida. Vumbi la changarawe, na zaidi tope jekundu la masika, hugeuka uji wa kusagia kati ya pedi na diski, na katika msimu wa mvua hulika diski na pedi haraka kuliko kiangazi chote. Suuza breki kwa maji safi yasiyo ya kasi baada ya safari ya tope. Mfereji ambao ncha ya ukucha inazama ndani yake hupimwa kwa ncha nyembamba za venia hapohapo ulipo. Kipimo cha chini ya mfereji ndicho unene wa diski yako.

Angalia pia aina ya pedi. Diski za bei nafuu mara nyingi huandikwa «RESIN PAD ONLY», yaani zimetengenezwa kwa pedi za resini peke yake. Ukizifungia pedi za metali, ambazo ni ngumu zaidi, zitaliwa kabla ya wakati.

Wanaoishi karibu na bahari, kutoka Lamu mpaka Mtwara, watakuta utando wa kutu kwenye diski iliyolala siku chache, kwa kuwa chuma cha diski hustahimili kutu lakini hakiikatai kabisa. Utando huo huondoka kwa kufunga breki mara chache. Kutu iliyochimba vishimo kwenye ukanda, au iliyozunguka bolti na ribiti, haiondoki hivyo.

Dalili ya nane: ufa

Osha diski, ikaushe, kisha imulike kwa tochi ukiiinamisha mwanga upite juu yake kwa pembe. Nyufa huanzia kwenye kingo za matundu au mahali mkono unapokutana na ukanda, na mwanzoni huonekana kama unywele mweusi usiofutika kwa spiriti. Ukiona hata mmoja, kazi imekwisha: hakuna kipimo cha unene kinachoiokoa diski yenye ufa. Haichomelewi. Nimeona diski zilizochomelewa zikiuzwa pamoja na baiskeli za mitumba, na joto la kuchomelea ndilo lililozidhoofisha zaidi kuliko ufa wenyewe; mnunuzi wa mtumba aangalie mikono yote ya diski, mbele na nyuma, kabla ya kuuliza bei.

Kwa diski za vipande viwili, shika ukanda na ujaribu kuuchezesha. Mchezo mdogo sana huweza kuwa wa kawaida katika baadhi ya aina, lakini ribiti inayogonga, iliyozunguka au iliyokosekana inaiondoa diski kazini.

Baiskeli isiingie barabarani, na fundi ahusishwe, iwapo ufa uko kwenye kalipa, kwenye vishikio vya kalipa au kwenye foki. Kwa foki au fremu ya kaboni, usijaribu kukaza wala kujaza chochote mwenyewe.

Ukishaamua kubadilisha

Nunua kipenyo kilekile na mfumo uleule wa kufungia. Diski ya bolti 6 na ya Centerlock hazibadilishani bila adapta. Fuata mshale wa mzunguko uliochongwa kwenye diski. Kaza bolti kwa kuvukavuka katikati, si kwa kufuatana, na utumie nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji wa diski hiyo, kwa sababu hutofautiana sana: Shimano inataka niutoni mita 2 hadi 4 kwa bolti zake, SRAM 6.2, na mfuniko wa Centerlock huhitaji 40. Asiye na spana inayopima nguvu alipe fundi kwa hatua hii tu. Bolti ya T25 iliyokazwa kupita kiasi huharibu uzi ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), na habu ina bei kubwa kuliko diski.

Weka pedi mpya pamoja na diski mpya. Pedi za zamani zimeshachukua umbo la diski iliyoondoka, na zikiwa na chembe za mafuta zitaiharibu mpya siku hiyohiyo.

Kisha zizoeshe. Mahali tambarare pasipo na magari, endesha kwa mwendo wa wastani na upunguze polepole hadi mwendo wa kutembea bila kusimama kabisa, mara 20; halafu mara 10 nyingine kutoka mwendo wa kasi zaidi. Usifunge mpaka gurudumu likwame, kwa kuwa pedi itaacha alama yake mahali pamoja na kukuletea ule mdundo wa dalili ya tano. Mwanzoni breki itaonekana dhaifu kuliko ile ya zamani, na nguvu yake itapanda kadiri unavyorudia. Baada ya safari ya kwanza, diski ikishapoa, rudia kukagua bolti zote, kisha pima unene wa diski hiyo ingali mpya na uuandike pamoja na tarehe mahali utakapouona tena siku ya kubadilisha pedi.